James Starley na Siri ya Spoki

Yeyote aliyewahi kuipindua baiskeli juu chini uani kwake, akakaza spoki hii na kulegeza ile mpaka gurudumu likaacha kuyumba, ana deni kwa James Starley. Bwana huyu alizaliwa mwaka wa 1830 kijijini Albourne, kusini mwa Uingereza, na babake alikuwa mkulima. Shamba halikumkaa moyoni. Angali kijana alitoroka kwao akenda upande wa London, akapata kazi ya kutunza bustani ya John Penn, tajiri aliyekuwa akiunda injini za meli.

Penn alikuwa amemnunulia mkewe cherehani, kitu ghali siku hizo. Ikaharibika. Mtunza bustani akaifungua, akaitengeneza. Basi Penn akampeleka kwa Josiah Turner, mtu wa biashara ya cherehani, na mwanzoni mwa miaka ya 1860 wawili hao wakahamia Coventry kuanzisha kiwanda chao. Mwaka wa 1868 mtoto wa nduguye Turner aliwaletea baiskeli kutoka Paris: magurudumu ya mbao yaliyovishwa pete ya chuma, chombo kizito cha kumtikisa mtu mifupa. Starley alipokitazama, cherehani zikamtoka rohoni.

Hapa ndipo penye utamu. Gurudumu la mkokoteni husimama juu ya miti yake. Waya haiwezi kusimamisha kitu. Kazi yake ni kuvuta. Kwa hivyo gurudumu la waya hukazwa pande zote kabla halijapandwa, kitovu kikawa kimewambwa katikati. Sifa ya kwanza si ya Starley, nami sipendi kumvika mtu kanzu ya mwenzake: Mfaransa Eugène Meyer alilitoa gurudumu la namna hiyo mwaka wa 1869, kila spoki ikikazwa peke yake. Mwaka uliofuata Starley na William Hillman wakatoa Ariel, baiskeli ya gurudumu kubwa mbele, ambayo spoki zake zilikazwa zote pamoja kwa wenzo.

Lakini spoki zinyookazo kutoka kitovuni kama miale ya jua zina udhaifu. Mpandaji akikanyaga kwa nguvu, kitovu hutaka kutangulia, rimu ikabaki nyuma. Mwaka wa 1874 Starley akaleta dawa yake: spoki zitoke ubavuni mwa kitovu, nusu zielekee mbele na nusu nyuma, zipishane kama kamba za kitanda. Zile baiskeli nyeusi za Kiingereza walizopanda wazee wetu, spoki 32 mbele na 40 nyuma, zilifuata mpango huo.

Mimi nyumbani hutumia mpira wa breki kuwa kipimo. Nalizungusha gurudumu polepole. Rimu ikigusa kulia, pale pale nazilegeza spoki za kulia robo mzunguko na kuzikaza za kushoto kiasi hicho hicho. Robo tu! Mwenye pupa hulitoa gurudumu likawa yai. Kisha nazigonga kwa ukucha: za upande mmoja zapasa kulia karibu sawa, na sisi tuliozoea mizani twajua sikio hushika kosa ambalo jicho limelipita.

Mwaka wa 1877 Starley aliiwekea baiskeli ya magurudumu matatu gia ya kuyawezesha magurudumu mawili kwenda mwendo tofauti penye kona. Gia ya kazi hiyo imo hadi leo katika magari. Malkia Victoria aliagiza baiskeli mbili kwake mwaka wa 1881. Juni ya mwaka huo huo Starley akafariki Coventry, umri wake miaka 51. Hakuiona baiskeli ya magurudumu yanayokaribiana ukubwa, yenye mnyororo nyuma, ambayo John Kemp Starley, mtoto wa nduguye, aliitoa mwaka wa 1885. Ndiyo iliyotufikia sisi, na magurudumu yake ni ya waya.