Bwana Swynnerton na Nchi ya Ndorobo

Katikati ya Tanzania bara kuna uwanda wa juu ulio mpana sana. Mtu akitoka Dodoma na kwenda kaskazini hufika Kondoa. Akienda magharibi hupita Manyoni. Na akizidi kwenda kupita Singida hufika Shinyanga katika nchi ya Wasukuma. Nchi hiyo yote ni ya mbuga za nyasi, mibuyu, miti ya miiba na vichaka vizito. Mvua yake ni chache na kiangazi chake ni kirefu. Wagogo, Warangi, Wanyaturu na Wasukuma wamefuga ng'ombe tangu zamani, na kwao ng'ombe ni mali, ni mahari, tena ni akiba ya siku ya njaa.

Walakini katika siku za wazee palikuwa na nchi kubwa zenye nyasi nzuri ambazo hazikuwa na ng'ombe hata mmoja. Mchungaji aliyethubutu kupeleka kundi lake huko alirudi na ngozi tu. Adui aliyemfukuza hakuwa simba wala mtu mwenye mkuki. Alikuwa mdudu, mkubwa kidogo kuliko nzi wa nyumbani, jina lake ndorobo. Habari hizi ni za maisha ya Charles Francis Massy Swynnerton, mtu aliyetumia miaka yake mingi kumchunguza mdudu huyo.

Ndorobo huishi kwa damu peke yake, dume na jike pia. Akimwuma mnyama mgonjwa huchukua vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, na akimwuma mwingine humwambukiza. Ng'ombe akiambukizwa hupata nagana: hukonda, manyoya yake husimama, kisha hufa. Mtu akiambukizwa hupata malale. Daktari mmoja wa jeshi la Uingereza, David Bruce, aliigundua siri hiyo ya nagana katika nchi ya Wazulu mwaka 1895. Lakini kujua kwamba mwizi ni nani si sawa na kumkamata.

Tena wakati ule mwizi huyo alikuwa akizidi kupata nguvu. Katika miaka ya kwanza ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulipita Afrika ya Mashariki na kuua ng'ombe wengi mno. Ikafuata vita kuu ya 1914 hata 1918, ambayo iliwachukua wanaume kuwa wapagazi na kumaliza vyakula vya watu. Katika miaka ile Ugogo ikapatwa na njaa kuu ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Watu walipokufa na kutawanyika, mashamba yao yaligeuka vichaka. Wanyama wa porini wakarudi, na ndorobo wakaja pamoja nao. Ikasemekana kwamba karibu theluthi mbili za Tanganyika zilikuwa mikononi mwa ndorobo.

Swynnerton alizaliwa mwaka 1877. Baba yake alikuwa kasisi Mwingereza aliyefanya kazi Bara Hindi, na mtoto alikaa huko katika miaka yake ya kwanza. Alipokuwa kijana wa miaka ishirini hivi alisafiri kwenda Afrika ya Kusini, kisha akawa msimamizi wa shamba karibu na msitu wa Chirinda, katika nchi iliyoitwa Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe. Kazi ya shamba ilimpa riziki, lakini moyo wake ulikuwa msituni. Alikusanya mimea, ndege na vipepeo, akavipeleka kwa wataalamu wa Ulaya. Mwaka 1906 ndege mmoja mdogo mwenye kifua cha rangi ya chungwa alipewa jina lake. Ndege huyo anapatikana pia katika milima ya Udzungwa na Usambara.

Swynnerton hakutosheka na kukusanya tu, bali alitaka kujua sababu. Watu wa elimu walisema kwamba vipepeo wengine wana rangi kali ili kuwaonya ndege kwamba nyama yao si tamu. Yeye aliona kwamba neno hilo lafaa kujaribiwa. Akafuga ndege, akawapa vipepeo wa kila namna mmoja mmoja, akaandika yupi aliyeliwa upesi, yupi aliyeliwa kwa njaa tu, na yupi aliyetupwa. Alifanya hivyo mara nyingi mno kwa miaka mingi. Ndiyo desturi aliyoishika maisha yake yote: kutazama, kujaribu, kuandika, kisha ndipo kusema.

Mwaka 1918 alikwenda kuchunguza ndorobo katika nchi ya Mossurise, mpakani mwa Msumbiji. Huko alifanya jambo ambalo wageni wengi wa siku zile hawakulifanya. Aliketi na wazee wenyeji akawauliza habari za zamani. Wakamweleza habari za Mzila, mfalme wa Wagaza, aliyekuja huko na watu wake na ng'ombe wake akakuta nchi imejaa ndorobo. Mzila aliwaamuru watu wake wakae karibu karibu, wakalima na kufyeka na kuwinda, hata ndorobo wakatoweka na ng'ombe wakanenepa. Mzila alipokwisha kufa, mwanawe Gungunyana aliwahamisha watu kwenda kusini mwaka 1889. Nchi ikabaki bila watu, vichaka vikaota, wanyama wakarudi, na ndorobo nao wakarudi.

Swynnerton alizitafakari sana habari hizo. Akatambua kwamba vita hivyo viliwahi kushindwa zamani, bila dawa wala bunduki za Ulaya, na walioshinda walikuwa Waafrika kwa majembe na mashoka yao. Basi, kazi yake ikawa kutafuta kwa nini njia ile ilifaa, na namna ya kuifanya tena.

Mwaka 1919 serikali ya Kiingereza ilimweka kuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyama pori katika Tanganyika. Hapo alikutana na shauri gumu. Wako watu waliotaka wanyama pori wauawe wote, maana damu yao ni chakula cha ndorobo. Katika Rhodesia ya Kusini serikali ilikuwa imekwisha kuanza kuwapiga risasi. Swynnerton, ambaye kazi yake ilikuwa kuwalinda wanyama hao, alitafuta kwanza njia nyingine.

Mwaka 1922 palitokea malale karibu na Mwanza, naye akaenda kuchunguza. Ndorobo aliowaona huko walikuwa wa namna ambayo wataalamu walikuwa hawajaipa jina. Mwaka 1923 walipewa jina lake, wakaitwa Glossina swynnertoni. Hao hupenda nchi ya miti ya miiba iliyo wazi kidogo, kama zilivyo nchi nyingi za uwanda wa kati na za kaskazini ya Tanzania.

Kadiri alivyozidi kuchunguza ndivyo alivyozidi kuona udhaifu wa adui. Ndorobo hatagi mamia ya mayai kama nzi wa jaani. Huzaa buu mmoja tu kwa mara moja, yapata kila siku tisa au kumi. Buu huyo hujichimbia katika udongo laini penye kivuli, hujifanya gumu kama punje nyeusi, na baada ya mwezi mmoja hivi hutoka akiwa ndorobo kamili. Tena ndorobo mwenyewe hawezi kuvumilia jua kali la kiangazi mahali pasipo na mti. Basi kichaka ndiyo nyumba yake. Mtu akiondoa kivuli, amebomoa nyumba ya adui bila kumkimbiza adui mwenyewe mmoja mmoja.

Katika Shinyanga Swynnerton alishauriana na watemi wa Kisukuma, na watemi wakawaita watu wao. Wakaja kwa maelfu, na mashoka na mapanga, wakafyeka vichaka siku baada ya siku. Kazi hiyo haikuwa ngeni kwao, kwa kuwa Wasukuma wana desturi ya kulima na kujenga kwa umoja. Walitumia na moto pia, lakini kwa akili. Zamani nyasi zilichomwa mapema, zikiwa bado mbichi kidogo, na moto ulikuwa dhaifu. Uliunguza nyasi na kuacha vichaka. Sasa watu walikatazwa kuchoma mpaka mwisho wa kiangazi, nyasi zilipokauka kabisa. Ndipo wakawasha wote pamoja, na moto mkali ukaviunguza vichaka. Mwaka 1925 Swynnerton alichapisha habari za jaribio hilo. Katika nchi zilizofyekwa watu walirudi kulima, na ng'ombe wakalisha mahali walipokufa zamani.

Kondoa nako kulikuwa na shida kubwa. Warangi walikuwa wamebanwa juu ya vilima vyao, maana nchi za chini zilishikwa na ndorobo. Watu na mifugo wakasongamana mahali pamoja, udongo ukachoka, mvua ikauchukua, na makorongo makubwa yakafunguka. Kwa hiyo uchunguzi wa ndorobo ulifanywa Kondoa pia. Mwaka 1929 serikali ilianzisha idara ya utafiti wa ndorobo, Swynnerton akawa mkurugenzi wake, na makao yake makuu yakawa Shinyanga.

Wasaidizi wake walikuwa wenye bidii kama yeye. Bwana Jackson alitia alama za rangi juu ya migongo ya ndorobo, akawaachilia, kisha akahesabu ni wangapi waliokamatwa tena. Kwa hesabu hiyo aliweza kukisia wingi wao wote. Bwana Burtt alikuwa mtaalamu wa mimea. Alizunguka nchi yote ya kati akiandika ni miti gani inayoota pamoja na juu ya udongo wa namna gani, maana kila namna ya ndorobo ina pori lake inalolipenda. Kijiti kimoja cha vichaka vizito vya Itigi, upande wa Manyoni, kilipewa jina lake. Pamoja nao walikuwako vijana wengi wa Kiafrika waliotembea kutwa porini na nyavu, wakiwakamata ndorobo na kuwahesabu. Bila miguu na macho yao vitabu vya wataalamu visingaliandikwa.

Mwaka 1936 Swynnerton alitoa kitabu kikubwa juu ya ndorobo wa Afrika ya Mashariki, na ndani yake aliweka maarifa ya miaka mingi. Serikali ikaamua kumpa nishani ya heshima. Tarehe 8 Juni 1938 alipanda ndege kwenda Dar es Salaam kuipokea, na Burtt alikuwa pamoja naye. Ndege ikaanguka, wote wawili wakafa. Swynnerton alikuwa na umri wa miaka sitini. Burtt alikuwa bado kijana, na maandishi yake makubwa juu ya mimea yalichapishwa mwaka 1942, baada ya kufa kwake.

Kazi haikufa pamoja nao. Uchunguzi uliendelea Shinyanga, na baadaye zikapatikana njia nyingine, kama dawa, mitego ya vitambaa, na kuwaachilia madume yasiyoweza kuzalisha. Kwa njia hiyo ya mwisho kisiwa cha Unguja kilitangazwa mwaka 1997 kwamba hakina ndorobo tena.

Lakini haki yadai kusema na upande wa pili. Katika miaka ile serikali iliwahamisha watu wengi kutoka porini na kuwakusanya katika vijiji vikubwa ili kuwaepusha na malale, na wengi walihuzunika kuacha makaburi ya wazee wao na mizinga yao ya nyuki. Tena nchi ya Shinyanga ilifyekwa kupita kiasi. Miti ilikatwa kwa ajili ya ndorobo, kwa ajili ya mashamba na kwa ajili ya kuni, na ng'ombe wakawa wengi, hata sehemu nyingine zikawa kama jangwa. Mwaka 1986 serikali ya Tanzania ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ili kurudisha miti. Mradi huo nao ulifanikiwa kwa kuwasikiliza wenyeji, maana Wasukuma walikuwa na desturi yao ya ngitili, yaani kutenga malisho yasiguswe mpaka kiangazi. Ngitili zilipofufuliwa, miti iliota yenyewe.

Hivyo maisha ya Swynnerton yana mafundisho mawili. La kwanza ni kwamba mdudu mdogo aweza kufukuza taifa zima katika nchi yake, na asiyemjua tabia zake hatamshinda hata kwa jeshi. La pili ni kwamba elimu haianzi kwa kitabu peke yake. Yeye aliianza kwa kutazama ndege wakila vipepeo, akaiendeleza kwa kuwasikiliza wazee wa Mossurise, na kuikamilisha kwa mikono ya maelfu ya Wasukuma. Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Mtu huyu aliuliza ndege, nzi, miti na wazee, na kwa kuuliza kwake ng'ombe walirudi kulisha katika mbuga zilizokuwa tupu.