Jack London na barua za kukataliwa

Wengi wamjuao mwandishi Jack London humjua kwa kitabu chake cha mbwa aliyepelekwa katika nchi ya theluji, The Call of the Wild, kilichotoka mwaka wa 1903 na kumpa sifa duniani. Wachache ndio wajuao kwamba kabla ya hapo bwana huyu alikuwa akirudishiwa kazi zake na posta siku nenda siku rudi.

Alizaliwa San Francisco, Marekani, Januari 12, 1876, akakulia ng'ambo ya ghuba katika mji wa Oakland, kwenye nyumba ya kimaskini. Ulimwengu ulimfunza mapema. Alipokuwa angali kijana mdogo alifanya kazi katika kiwanda cha kutia vyakula makoponi, kisha akawa baharia. Mwaka wa 1893, akiwa na umri wa miaka 17, alisafiri kwa meli ya matanga ya wawindaji wa sili hadi bahari ya Japani. Aliporudi aliandika habari za tufani iliyowakuta huko, naye akapata zawadi ya kwanza, dola 25, katika mashindano ya gazeti moja la mji wake.

Mwaka wa 1897 alikwenda Klondike, Kanada, kutafuta dhahabu. Alirejea mwaka uliofuata mikono mitupu, anaugua kiseyeye, na baba yake wa kambo amekwisha kufariki. Mama yake alikuwa akimtazamia yeye. Ndipo alipoketi kuandika kwa bidii, na fedha za stempu zilipomwishia aliweka rehani baiskeli na nguo zake.

Hadithi zake zilirudi. Kila moja ilikuja na kikaratasi kilichopigwa chapa, kinachokataa bila ya kutoa sababu. Vikaratasi hivyo vilifika mamia. Jack hakuvichoma moto, alivihifadhi. Alikuwa na daftari la kuandikia kila hadithi imepelekwa kwa nani na imerudi lini. Ikirudi, aliitia katika bahasha nyingine ikaenda kwa mhariri mwingine.

Mwanzoni mwa 1899 jarida la Overland Monthly lilimtolea hadithi kwa malipo ya dola 5 tu. Kijana alivunjika moyo. Alikuwa amefaulu mtihani wa kazi ya posta, na mshahara wa kupeleka barua ulikuwa ni jambo la hakika kuliko kalamu.

Katika siku hizo hizo ilimfikia barua ya Bwana Umbstaetter, mhariri wa jarida la The Black Cat. Huyu alimweleza waziwazi kwamba hadithi aliyoileta ina urefu mwingi kuliko nguvu, lakini atampa dola 40 endapo atakubali ikatwe nusu. Mwingine angeona ametukanwa. Jack alikubali mara moja, na hadithi ikatoka Mei 1899. Miaka yote baadaye alishikilia kwamba barua ile ndiyo iliyomzuia asiitupe kalamu. Mwaka wa 1911, alipokuwa mtu mashuhuri, aliandika utangulizi wa kitabu cha hadithi za mhariri huyo ili kumshukuru mbele ya watu.

Hata kukataliwa kwenyewe alikufanyia kazi. Mwaka wa 1903 alitoa makala ya kuwashauri waandishi wachanga, akiwaeleza njia aliyopitia. Mwaka wa 1909 alitoa Martin Eden, riwaya ya baharia anayerudishiwa kazi zake hata akashuku kwamba huko ofisini hakuna mtu, ila mashine ya kubadilisha bahasha. Na hadithi zake kadhaa zilizokuwa zimekataliwa zilinunuliwa jina lake lilipovuma.

Sifa hazikumpa raha ya kudumu. Ulevi ulimsumbua, naye aliueleza bila ya kuficha katika kitabu cha mwaka wa 1913. Alifariki Novemba 22, 1916, akiwa na miaka 40.

Vijana wetu wa pwani watungao mashairi na hadithi wana la kuokota hapa. Mswada ukirudi kimya, tia stempu upeleke kwingine. Ukirudi na neno la mhariri, hata likiwa chungu, lisome mara mbili kabla ya kukasirika. Katika mamia ya majibu aliyopata Jack London, lililomfaa zaidi ni lile lililomwambia kosa lake.