Walter Chrysler: Fundi aliyekopa kununua gari, akalifungua lote kabla ya kuliendesha

Mwaka 1908, jamaa mmoja alinunua gari jipya la dola 5,000 kwa mkopo. Hakujua kuendesha. Alipolifikisha nyumbani hakutafuta dereva wala mwalimu. Alichukua spana, akaanza kulifungua.

Kwa muda wa miezi mitatu hivi gari halikutoka bandani. Alikuwa analifungua, anatandaza vyuma chini, anavichora kwenye karatasi, kisha anarudishia kila kimoja mahali pake. Akimaliza, anaanza upya.

Jina lake ni Walter Percy Chrysler. Ndiyo, Chrysler huyohuyo ambaye jina lake lipo kwenye magari na kwenye moja ya majengo marefu ya New York.

Mtoto wa reli

Chrysler alizaliwa Aprili 2, 1875 Wamego, katika jimbo la Kansas, Marekani. Alikulia Ellis, mji mdogo uliokuwa ukiishi kwa kutegemea reli. Baba yake alikuwa dereva wa treni za mvuke za kampuni ya Union Pacific, kwa hiyo kijana alikua akisikia honi na kunusa moshi wa makaa.

Baba alitaka mwanaye aendelee na chuo. Walter akagoma, yeye alitaka karakana.

Akaanza kwa kufagia na kusafisha karakana ya reli, kwa malipo ya senti 10 kwa saa. Baadaye akapata nafasi ya kujifunza ufundi, lakini kulikuwa na mtihani: mwanafunzi wa ufundi alilipwa senti 5 tu kwa saa. Yaani apande cheo huku mshahara ukishuka nusu. Akakubali.

Vifaa vilikuwa ghali na yeye alikuwa na macho ya kuchagua, hivyo vingi alivitengeneza kwa mikono yake. Alitengeneza pia treni ndogo ya mfano inayotembea kweli, na kila kipande chake alikichonga mwenyewe. Kwa kijana ambaye hajamaliza mafunzo, hiyo haikuwa kazi ya mchezo.

Baada ya hapo akawa fundi wa kuhamahama, leo mji huu, kesho mji ule, akitafuta karakana yenye kazi ngumu zaidi. Mwaka 1901 alimuoa Della Forker, msichana wa Ellis aliyemsubiri muda wote huo. Cheo kikapanda taratibu, na alipofika miaka 33 alikuwa msimamizi mkuu wa injini zote za kampuni ya reli ya Chicago Great Western, akiishi Oelwein, jimbo la Iowa.

Gari jeupe lililomnyima usingizi

Hapo ndipo alipokwenda kwenye maonyesho ya magari Chicago. Akaliona Locomobile, jeupe, viti vyekundu. Akaliacha, akarudi. Kesho yake akarudi tena. Alikuwa analizunguka kwa siku kadhaa kama mtu aliyerogwa.

Tatizo lilikuwa hesabu. Mshahara wake ulikuwa dola 350 kwa mwezi na benki alikuwa na akiba ya dola 700 tu. Gari liliuzwa dola 5,000, pesa inayozidi mshahara wake wa mwaka mzima. Na nyumbani kulikuwa na mke na watoto wanaokula kila siku.

Akaenda kwa mtu wa benki aliyemfahamu, akaomba dola 4,300. Akaambiwa atafute wa kumdhamini. Akampata. Akaweka na akiba yake yote, gari likawa lake. Della alikuja kupata habari mambo yakiwa yameshaiva.

Gari likasafirishwa kwa treni ya mizigo, kisha likakokotwa na farasi mpaka bandani nyuma ya nyumba. Majirani walisubiri kuona likiendeshwa. Wakasubiri wee, hola.

Kumbe Chrysler alikuwa na hesabu yake. Hakulinunua gari kwa ajili ya kutembelea. Alitaka kujua limetengenezwaje, na kwa fundi njia ni moja tu: kulifungua. Akifungua gia, anataka kuona meno yanavyokutana. Akifungua injini, anafuatilia kila kipande kinachosukuma kingine. Treni za mvuke alizijua nje ndani, lakini hii ya petroli ilikuwa lugha nyingine, na alijifunza herufi moja baada ya nyingine.

Kila fundi anajua kwamba kufungua ni rahisi, shughuli iko kwenye kurudishia. Ukibaki na nati moja mkononi, ujue kuna mahali umekosea. Chrysler alirudia mpaka akajua kila kipande kinatoka wapi na kwa nini kipo.

Siku ya kuliendesha ilipofika, mambo hayakuwa mazuri. Gari liliruka kama farasi mkorofi, likaishia kwenye bustani ya jirani na kuzama matopeni. Ikabidi farasi waje kulivuta. Hakukata tamaa, siku hiyohiyo akaliingiza tena barabarani. Jioni alirudi ameloa jasho, mwili unatetemeka, lakini anajua kuendesha.

Akubali mshahara mdogo, tena

Chrysler aliacha reli baada ya kukorofishana na bosi wake, akahamia kiwanda cha kutengeneza treni huko Pittsburgh. Kazi ilimnyookea. Ndipo viongozi wa General Motors wakamfuata aende Flint, Michigan, kusimamia kiwanda cha Buick.

Ofa ilikuwa dola 6,000 kwa mwaka. Kiwanda alichokuwepo kikaahidi kumpa 12,000 ili asiondoke. Mwenye akili za kawaida angebaki. Chrysler akachukua zile 6,000. Kama enzi za senti 5, aliangalia kazi yenyewe kwanza.

Alichokikuta Buick kilimshangaza. Mafundi wengi walitoka kwenye utengenezaji wa magari ya farasi, na walilijenga gari la injini kwa mwendo uleule. Hata fremu ya chini, ambayo hakuna atakayeiona, ilisuguliwa na kupakwa rangi mara kadhaa kama meza ya sebuleni. Akakata mizunguko isiyo na kazi. Uzalishaji ukatoka magari 45 kwa siku hadi 200.

Miaka mitatu baadaye aliingia ofisini kwa bosi na kudai dola 25,000 kwa mwaka. Akapewa. Akiwa anatoka, akataarifu kwamba mwaka unaofuata atataka 50,000.

Mwaka 1916 alifanywa rais wa Buick, akawa tajiri. Lakini hakuelewana na mwanzilishi wa General Motors, William Durant, aliyependa kuingilia maamuzi, na mwaka 1919 aliamua kuondoka. Kampuni ya Willys-Overland ikamchukua kuinusuru na madeni, kwa mshahara wa dola milioni 1 kwa mwaka.

Gari lenye jina lake

Akiwa kwenye kazi hizo za kufufua kampuni zilizokuwa hoi, alikutana na wahandisi watatu: Fred Zeder, Owen Skelton na Carl Breer. Pamoja nao alitengeneza gari alilolitaka, chini ya kampuni ya Maxwell.

Januari 1924 gari la Chrysler Six lilikuwa tayari kuonyeshwa New York. Waandaaji wa maonyesho wakakataa kwa sababu lilikuwa halijaanza kuuzwa. Chrysler akaliweka kwenye ukumbi wa kuingilia wa hoteli ya Commodore, walikofikia watu wengi wa biashara ya magari. Wakawa wanakutana nalo wakiingia na kutoka.

Ukilitazama gari lile unaona mkono wa mtu aliyewahi kukaa chini ya gari. Lilikuwa na injini ya silinda sita yenye mgandamizo mkubwa, filta ya hewa, na filta ya oili ya kubadilisha. Na lilikuwa na breki za maji kwenye magurudumu yote manne, wakati magari mengi ya bei yake yalikuwa bado yanatumia vyuma na nyaya, tena mara nyingi kwa magurudumu ya nyuma peke yake.

Mfumo wa breki hizo ulitokana na hataza za Lockheed, lakini ulikuwa unavuja kwa sababu vizibo vyake vilikuwa vya ngozi. Wahandisi wa Chrysler wakaweka vya raba, uvujaji ukadhibitiwa. Mpaka leo, fundi anayefufua gari la Kimarekani la zamani hulazimika kuzifungua silinda za breki na kubadilisha raba zake.

Gari liliuzwa kwa makumi ya maelfu mwaka wa kwanza. Juni 1925 ikazaliwa Chrysler Corporation. Mwaka 1928 ikaichukua Dodge, kampuni kubwa kuliko yenyewe, na mwaka huohuo ikaingiza sokoni Plymouth na DeSoto.

Si kila alichogusa kilikuwa dhahabu. Airflow ya mwaka 1934, gari la umbo la kupasua upepo, wanunuzi walilikimbia, ingawa miaka michache baadaye wengine waliiga mengi yaliyokuwamo.

Boksi la vifaa juu ya New York

Mwaka 1930 jengo la Chrysler lilikamilika, likiwa na urefu wa mita 319. Kwa miezi 11 lilikuwa refu kuliko yote duniani. Kwenye kuta zake kuna mapambo ya vifuniko vya magurudumu na vya rejeta.

Huko juu, kwenye ghorofa la kutazamia jiji, kiliwekwa kitu kimoja cha ajabu: boksi la vifaa vya fundi, vile alivyojitengenezea enzi za Ellis.

Mwaka 1938 ulimvunja. Alipata kiharusi, na Agosti mwaka huohuo Della akafariki. Chrysler hakurudi tena katika hali yake, na Agosti 18, 1940 alifariki nyumbani kwake Long Island, akiwa na miaka 65.

Aliacha kampuni ya pili kwa ukubwa katika magari ya Marekani. Yote hayo yalianzia kwenye banda la Oelwein, kwa mtu mwenye deni la dola 4,300 aliyekataa kuliendesha gari ambalo hajalielewa.