Paul Langevin, mwanafizikia aliyetuachia altrasaundi

Kama umewahi kupakwa jeli tumboni na kumwona mwanao kwenye skrini ya altrasaundi, umefaidika na kazi ya Mfaransa ambaye hakuwa daktari. Jina lake ni Paul Langevin. Wiki hii tumwangalie, kwa sababu kazi yake ina onyo kwa kila mjamzito.

Langevin alizaliwa Paris mwaka 1872. Alifundishwa fizikia na Pierre Curie, ambaye pamoja na kaka yake Jacques waligundua mwaka 1880 kwamba jiwe angavu liitwalo kwatzi likikandamizwa hutoa umeme. Baadaye ilithibitika kwamba likipewa umeme, nalo hutanuka na kunywea.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, nyambizi za Wajerumani zilikuwa zikizamisha meli nyingi. Mwaka 1915 Langevin alianza kufanyia kazi wazo la mhandisi Mrusi, Constantin Chilowsky: tuma majini sauti isiyosikika kwa sikio la binadamu, kisha subiri mwangwi wake. Mwaka 1917 akalikumbuka jiwe la mwalimu wake.

Mashine ya kuliendesha jiwe hilo haikuwepo dukani, hivyo yeye na wenzake waliiunda wenyewe maabara. Walitumia mirija ya kioo kama ya redio za zamani kutengeneza umeme unaotetema mara 40,000 hivi kwa sekunde. Fikiria unavyomsukuma mtoto kwenye bembea: ukisukuma kwa wakati wake anapaa, ukikosea bembea inafifia. Jiwe nalo lina mwendo wake, unaotegemea unene wake, na umeme lazima uufuate. Kwa mwendo huo lingehitajika jiwe nene mno, kwa hiyo Langevin alibana vipande vyembamba vya kwatzi kati ya mabamba mawili ya chuma. Mwaka 1918 mwangwi wa nyambizi ukasikika.

Lakini zingatia hili: samaki waliopita karibu na mashine hiyo majini walikufa, na mtu aliyetumbukiza mkono wake mbele yake alisikia maumivu makali. Sauti usiyoisikia, ikiwa na nguvu nyingi, huumiza mwili.

Maisha yake ya uzeeni yalikuwa magumu. Mwaka 1940 Wanazi walimfunga kwa msimamo wake wa kuwapinga. Mkwewe alipigwa risasi na binti yake akapelekwa kambi ya Auschwitz, ingawa alinusurika. Langevin alikimbilia Uswisi mwaka 1944, akarudi Ufaransa na kufariki dunia Paris mwaka 1946. Miaka 12 baadaye, Dk. Ian Donald na wenzake wa Glasgow, Uskoti, walichapisha picha za altrasaundi za tumbo na za mtoto aliye tumboni.

Mashine ya hospitali hufuata njia ileile: hutuma pigo fupi sana la sauti, hunyamaza, kisha husikiliza mwangwi. Haitumii mionzi kama eksirei, na nguvu yake imedhibitiwa. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apimwe altrasaundi mara moja kabla ya wiki ya 24. Usiogope kwenda.

Cha kuogopa ni kifaa kilichoundwa na fundi asiye wa tiba, ambacho hakuna aliyepima nguvu yake. Na hata kile cha kununua, cha kusikilizia mapigo ya mtoto nyumbani, kina hatari nyingine: kinaweza kukutuliza bure. Mama anasikia mapigo, kumbe ni ya mishipa yake mwenyewe, anabaki nyumbani huku mtoto akiwa taabani.

Kwa hiyo, mama, ukiona mtoto amepunguza kucheza tumboni au ameacha, usitafute kifaa wala usisubiri kesho. Nawe baba, usimwambie mkeo alale kwanza. Nendeni kituo cha afya saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Langevin alijua kuliunganisha jiwe na umeme. Kujua hali ya mtoto kunahitaji mtu aliyesomea kazi hiyo.