Blaise Pascal: Aliyepima Yasiyojulikana

Blaise Pascal alizaliwa tarehe 19 Juni 1623 mjini Clermont, Ufaransa. Alifiwa na mama yake akiwa na miaka mitatu, akalelewa na baba yake Étienne pamoja na dada zake wawili. Baba alipopewa kazi ya kodi mjini Rouen, kijana alimwona akielemewa na mahesabu. Kabla hajatimiza miaka 20, alianza kumtengenezea mashine ya kujumlisha na kutoa.

Mwaka 1654 Chevalier de Méré, mpenzi wa kamari, alimletea swali. Watu wawili wanacheza. Kila mmoja ameweka sarafu 32 za dhahabu, na atakayetangulia kushinda mara tatu atachukua zote 64. Mchezo unakatizwa mmoja akiwa ameshinda mara mbili, mwenzake mara moja. Wagawaneje kwa haki?

Pascal alilijadili swali hilo kwa barua na Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse. Hoja yake inaeleweka na yeyote. Tuseme wanacheza mara moja zaidi. Wa kwanza akishinda, anachukua 64. Akishindwa, wanakuwa sare na kila mmoja anapata 32. Basi sarafu 32 ni zake kwa vyovyote vile. Zile 32 zilizobaki zinaweza kwenda kwa huyu au kwa yule sawasawa, hivyo zigawanywe nusu kwa nusu. Wa kwanza apate 48, wa pili 16. Katika barua hizo hisabati ya uwezekano iliwekewa msingi. Leo inatumika katika bima, tiba na utabiri wa hali ya hewa.

Usiku wa tarehe 23 Novemba mwaka huohuo, Pascal aliguswa sana na Mungu. Aliyaandika yaliyompata, akaishona karatasi ndani ya koti lake, nayo ikagunduliwa baada ya kifo chake. Katika maandishi yake yaliyochapishwa mwaka 1670 kwa jina la Pensées, alimpelekea asiyeamini mizani ileile: kuchagua ni lazima, basi apime atakachopata na atakachopoteza. Hata hivyo alijua kwamba hesabu humfikisha mtu mlangoni tu. Imani ni zawadi ya Mungu.

Mwaka 1662, akiwa mgonjwa, alishiriki kuanzisha magari ya farasi ya abiria jijini Paris, akitaka mapato yawasaidie maskini wa Blois. Mtoto wa familia maskini aliyoihifadhi nyumbani kwake alipougua ndui, hakumtoa. Alihama yeye, akaenda kwa dada yake Gilberte. Huko alifariki tarehe 19 Agosti 1662, akiwa na miaka 39, baada ya kupokea Sakramenti.

Ndugu msomaji, kila siku tunaamua mambo tusiyoyajua mwisho wake: shamba, matibabu, wito. Pascal anatufundisha kuhesabu kwanza kwa uaminifu yanayoweza kutokea, kila mtu apate haki yake. Kisha, penye mhitaji, tutoe bila kuhesabu.