Padre Ruy López: padre aliyecheza sataranji



Wiki hii narudia, hatua kwa hatua, mchezo wa sataranji uliochezwa New York mwaka 1918: Capablanca wa Cuba dhidi ya Marshall wa Marekani. Unaanza hivi. Mweupe anasogeza mbele askari wa mfalme, mweusi naye hivyohivyo. Farasi mweupe anatoka kumtishia askari mweusi. Farasi mweusi anatoka kumlinda. Ndipo askofu mweupe anapokwenda kumkabili huyo farasi mlinzi. Mwanzo huo unaitwa Ruy López. Na huyo Ruy López, kumbe, alikuwa padre!

Alitoka Zafra, Hispania, karne ya 16. Mwaka 1560 akiwa Roma kwa shughuli za Kanisa, aliwashinda wachezaji hodari wa Italia, akiwemo kijana Leonardo wa Cutro. Hukohuko akakisoma kitabu cha sataranji cha Mreno Damiano, kilichotoka mwaka 1512. Hakikumridhisha. Wengi tungeishia kulalamika tu. Yeye aliandika cha kwake, kikachapwa Alcalá mwaka 1561. Humo alichambua ile hatua ya askofu: mlinzi akitishiwa, anayelindwa naye yuko mashakani. Hakuibuni yeye, ilijulikana tangu karne ya 15. Ila aliichambua kwa makini mpaka ikabaki na jina lake.

Halafu ikaja 1575. Leonardo, sasa mtu mzima, alifika Madrid akacheza na padre mbele ya Mfalme Filipo wa Pili. Padre akashindwa. Yaani kashindwa nchini kwake, mbele ya mfalme wake, na mtu ambaye miaka 15 nyuma alimshinda yeye!

Hapo ndipo anaponigusa. Alichokijua kilikuwa wazi kitabuni kwa miaka 14, rafiki akisome, mpinzani akisome. Kipaji chake hakukifukia ardhini kama yule mtumishi wa kwenye Injili. Meza ile ya Madrid alishindwa, lakini zaidi ya miaka 340 baadaye Capablanca na Marshall bado walianza na hatua zake. Marshall alitoa askari sadaka ili ashambulie, Capablanca akajilinda kwa utulivu, akashinda.

Je, wewe unaficha kipaji gani kwa kuogopa kwamba ukimfundisha mwenzako atakuzidi? Leo kabla ya kulala kitaje mbele ya Bwana, halafu kesho mtafute mtu mmoja umfundishe.