Daktari Aliyebaki Bila Dawa

Kwa wengi wetu David Livingstone ni jina la kukariri. Mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, alipinga biashara ya watumwa, alikutana na Stanley pale Ujiji, basi. Mtihani ukiisha, na yeye ameisha. Lakini ukikaa chini ukasoma maisha yake taratibu, unakuta jambo ambalo kwenye madaftari yetu ya sekondari halikuwepo. Huyu mtu alikuwa anaumwa karibu kila safari. Alikaa Afrika karibu miaka 30, na muda mwingi alikuwa na homa, au tumbo la kuhara damu, au vidonda. Swali langu ni moja tu: aliwezaje? Mtu yuko mbali na kwao, hakuna hospitali, hakuna ndugu, anaumwa mara kwa mara, anafanyaje mpaka anafikisha miaka 60?

Naliuliza kwa sababu sisi wa Songwe tunaishi na wasafiri. Tunduma kila siku kuna madereva wa malori wa kutoka Dar es Salaam, Zambia na Kongo wanasubiri kuvuka, na homa haijali kama gari liko upande huu au limeshaingia Nakonde. Halafu njia za mwisho za Livingstone haziko mbali na hapa. Ukipanda treni ya TAZARA pale Tunduma kuelekea Kapiri Mposhi, unapita Kasama, unavuka mto Chambeshi, unafika Mpika, kisha Serenje. Katika nchi hiyo ndipo alipopoteza dawa zake, na huko huko ndiko alikofia.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji mdogo wa Blantyre, karibu na Glasgow. Familia ilikuwa maskini. Akiwa na miaka 10 aliingia kufanya kazi kwenye kiwanda cha nyuzi za pamba, na jioni baada ya kazi ndipo alipokwenda shule. Baadaye alisoma udaktari Glasgow huku akijisomesha kwa mshahara wa kiwanda, akapata leseni mwaka 1840. Mwaka uliofuata alifika Afrika Kusini kama mmisionari. Mwaka 1844 simba alimrukia kule Mabotsa akamvunja mkono wa kushoto juu karibu na bega. Mfupa uliunga vibaya, na mkono haukurudi kuwa kama zamani. Uushike huo mkono, tutauhitaji mwishoni.

Mwaka 1845 alimwoa Mary Moffat, binti wa mmisionari mwenzake. Hapa ndipo tunapoona kwamba ugonjwa wa safarini haumpati mwenye safari peke yake. Mwaka 1850 alimchukua Mary, ambaye alikuwa mjamzito, pamoja na watoto kwenda Ziwa Ngami, katika nchi ambayo leo ni Botswana. Watoto wakashikwa na homa, ikabidi warudi. Muda mfupi baada ya kurudi Mary alijifungua binti, na mtoto huyo akafa akiwa na wiki chache tu. Mwaka 1852 Livingstone aliipeleka familia Uingereza ili yeye asafiri akiwa huru. Miaka kumi baadaye Mary alirudi kumfuata kwenye mto Zambezi. Homa ikamwua pale Shupanga, Msumbiji, tarehe 27 Aprili 1862. Mume wake daktari alikuwepo pembeni, na hakuweza kumponya.

Tusimwonee lakini. Wakati ule hakuna daktari yeyote duniani aliyejua malaria inaletwa na nini. Kimelea chake kiligunduliwa mwaka 1880, na ushahidi kwamba mbu ndiye anayekibeba ulipatikana mwaka 1897, Livingstone akiwa ameshakufa miaka mingi. Yeye mwenyewe aliwahi kuona kwamba penye mbu wengi ndipo penye homa, ila aliishia hapo. Watu waliamini kuwa homa inatokana na hewa mbaya ya mabwawa.

Pamoja na hayo alikuwa anajitahidi. Katika safari ya kutoka Linyanti hadi Luanda, mwaka 1853 na 1854, homa ilimwangusha zaidi ya mara 20. Alifika Luanda amekonda, anahara damu, na mwakilishi wa Uingereza pale, Edmund Gabriel, akampa kitanda chake alale. Meli za Uingereza zilikuwa bandarini na angeweza kurudi kwao kutibiwa. Alikataa, kwa sababu alikuja na wanaume 27 Wakololo na alikuwa ameahidi kuwarudisha nyumbani. Alipopata nguvu akageuka nao kwa miguu. Katika miaka hiyo ndipo alipotengeneza vidonge vyake vya homa, mchanganyiko wa kwinini na dawa kali za kuharisha. Kipimo chake kilikuwa rahisi: mgonjwa aendelee kumeza kwinini mpaka masikio yaanze kulia. Wale wa kuharisha leo tungewaacha, lakini kwinini ilikuwa dawa kweli. Katika safari ya Zambezi ya 1858 hadi 1864 aliwapa wenzake kwinini kila siku kama kinga, wakati wasafiri wengi walikuwa wanasubiri mpaka waugue.

Sasa tuje kwenye safari ya mwisho. Livingstone alifika Unguja Januari 1866, akashuka Mikindani mwezi Machi, akapanda na bonde la Ruvuma. Alitaka kutafuta chanzo cha mto Nile na kuona kwa macho yake njia za watumwa. Msafara ulipungua haraka. Baadhi ya watu walirudishwa, na wale wa kutoka Anzuani walimkimbia, wakafika Unguja na kutangaza kwamba ameuawa. Kisha tarehe 20 Januari 1867, karibu na mto Chambeshi, wapagazi wawili wakatoroka na mizigo. Ndani ya mizigo ile kulikuwa na sanduku lote la dawa. Livingstone alijua maana yake. Alihesabu siku ile kama siku aliyohukumiwa kifo.

Ila hakufa. Aliishi miaka sita zaidi, na hapo ndipo somo lilipo. Miaka miwili tangu kupotea kwa sanduku, hiyo kwinini aliyoitegemea hakuwa nayo. Kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, Aprili 1867, homa ilimpiga hadi akapoteza fahamu. Kilichomvusha ni watu.

Kwanza ni watu wake. Chuma alikuwa Myao aliyeokolewa kwenye msafara wa watumwa mwaka 1861 akiwa mtoto. Susi alitoka Shupanga, kule alikozikwa Mary. Hawa wawili walikuwa naye mpaka mwisho. Alikuwepo pia Halima, mpishi. Kwa mtu mwenye tumbo bovu na meno yaliyong'oka, anayepika chakula ndiye anayeamua kama kesho utatembea au utalala.

Pili ni watu ambao yeye mwenyewe alipinga kazi yao. Januari 1869 alinyeshewa mvua, akapata kichomi, mapafu yakamshika, akawa anakohoa damu na hawezi kutembea. Akapoteza hata hesabu ya siku. Aliyemchukua ni Mohammed bin Gharib, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Alimpa dawa na chakula, akamtafutia mtu wa kumpiga chuku kifuani, akaagiza abebwe kwa machela wiki kadhaa hadi ziwani. Tarehe 14 Machi 1869 Livingstone alifika Ujiji akiwa hai. Msafara uliomwokoa ulikuwa wa watu wa biashara ile ile aliyotaka ifutwe.

Hapo wengine wanamlaumu, kwamba alikula mkono mmoja na kulaani kwa mwingine. Mimi naona tofauti. Mgonjwa aliye safarini hachagui mkono wa kumnyanyua. Cha kumpima ni kama alinyamaza baada ya kunyanyuliwa, na Livingstone hakunyamaza. Tarehe 15 Julai 1871, sokoni Nyangwe, Kongo, aliona watu wa wafanyabiashara wakiwapiga risasi wanawake waliokuja kuuza na kununua. Aliandika yote. Habari hizo zilipofika Uingereza ziliongeza shinikizo kwa Sultani Barghash, na Juni 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa kwa mkataba.

Kabla ya Nyangwe alikuwa amelala karibu siku 80 kwenye kibanda kule Manyema, miguu ina vidonda vinavyokula nyama. Alijaribu kila kitu. Kilichomsaidia kidogo ni jiwe la kijani lenye shaba, lililosagwa kwa maji na kupakwa kwa unyoya. Siku alizijaza kwa kusoma na kuandika. Akiwa Manyema alisoma Biblia nzima mara nne. Mtu aliyewahi kuugua ugenini anaelewa: kichwa nacho kinahitaji kazi, la sivyo kinaanza kukumaliza chenyewe.

Stanley alimkuta Ujiji Novemba 1871 akiwa hoi, mali zake zimeuzwa na aliyekabidhiwa. Chakula kizuri, dawa na mtu wa kuzungumza naye vilimrudisha haraka. Stanley akamsihi warudi wote Ulaya. Hapa ndipo simwelewi Livingstone. Alikuwa na daktari ndani yake aliyejua hali ya mwili wake, na bado alikataa. Agosti 1872 aliondoka Tabora kuelekea kusini, akapita upande wa Ufipa mashariki mwa Ziwa Tanganyika, akaingia nchi ya mabwawa ya Bangweulu wakati wa mvua. Damu ilikuwa inamtoka tumboni kila siku. Aprili 1873 hakuweza tena kukaa juu ya punda, wakambeba. Alitamani maziwa, wakatumwa watu kutafuta mbuzi, hawakupatikana. Asubuhi ya tarehe 29 Aprili ilibidi ukuta wa kibanda ubomolewe ili machela iingie, maana hakuweza kufika mlangoni. Walimfikisha kijiji cha Chitambo. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei alimwomba Susi amletee sanduku la dawa, akachagua dawa kwa shida kwa kuwa macho yalikuwa hayaoni vizuri. Alfajiri kijana Majwara, aliyekuwa akimlinda, alikwenda kuwaamsha wenzake. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa.

Wangeweza kumzika pale wakatawanyika. Badala yake waliutoa moyo wake wakauzika chini ya mti, Jacob Wainwright akasoma sala, kisha wakaukausha mwili kwa chumvi na jua kwa wiki mbili, wakaufunga kwa nguo na magome ya mti. Siku chache tu tangu waanze safari, nusu ya msafara uliugua. Susi hakuweza kutembea, wanawake wawili walikufa, na walikaa karibu mwezi mzima mahali pamoja. Hawakuwa na daktari. Walisubiriana, wakapona waliopona, wakaendelea hadi Bagamoyo, Februari 1874. London mwili ulitambuliwa kwa ule mkono uliovunjwa na simba. Alizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874.

Chuma naye alipita kwetu. Mwaka 1879 aliongoza msafara wa Waingereza uliotoka Dar es Salaam kwenda maziwani. Mkuu wao, Keith Johnston, alikufa kwa kuhara damu pale Behobeho, na kijana Joseph Thomson, miaka 21, akaachiwa kazi yote. Ni Chuma aliyeujua mwendo. Waliukata uwanda ulio kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, nchi ya Wanyiha na Wanyamwanga, yaani hapa hapa, na Thomson alirudi kwao salama.

Wanachuo wenzangu wa ualimu, muda si mrefu tutatawanywa mazoezi ya kufundisha. Wengine watapangiwa Momba au Ileje, ambako hawana hata mjomba. Leo tuna kipimo cha malaria kinachotoa jibu kwa dakika chache, na tuna dawa ya mseto, vitu ambavyo Livingstone angetoa mali yote kuvipata. Vitumie. Lakini siku ya kwanza tu, kabla ya kupanga vitabu mezani, mjue jirani mmoja kwa jina na yeye akujue, awe na namba ya simu ya nyumbani kwenu. Na ukisimama darasani kufundisha habari za Livingstone, andika ubaoni na haya: Susi, Chuma, Halima, Majwara, Wainwright, Mohammed bin Gharib. Wanafunzi wakiuliza hao ni kina nani, kipindi chako kitakuwa kimeanza.